Siku Mama Alipobeba Jiwe la Mpaka

Utoto wangu wote nilipita kando ya jiwe lile bila kuligusa. Lilikuwa jeusi, la mviringo upande mmoja na bapa upande wa pili, kubwa kama chungu cha kupikia makande ya watu wengi, nalo lilisimama kwenye mteremko kati ya shamba letu na shamba la baba mdogo Zakaria. Sisi watoto tuliotumwa maji kwenye mfereji tulijua kwamba jiwe la mpaka halirukwi, halikaliwi, wala hafungwi mbuzi hapo. Tulilizunguka kwa adabu, kama tunavyowazunguka wazee walioketi.

Hayo yalikuwa Upare wa kusini, juu kabisa ya kijiji cha Kisiwani. Mawingu ya asubuhi yakifunguka tuliona tambarare yote chini, hadi moshi wa maboma ya Wamasai. Mwingereza ndiye aliyekuwa akitutawala. Vijana waliochukuliwa vitani Burma walikuwa wameanza kurudi na makoti yao mazito, na kila nyumba yenye vijana ilikuwa ikitafuta mahali pa kuwapa walime.

Bibi, mama yake baba, ndiye aliyenifundisha habari za jiwe. Aliniambia kwamba wazee walipoliweka walichimba shimo kwanza, wakatia mkaa na vipande vya chungu kilichovunjwa siku hiyohiyo, kisha wakachinja kondoo na kuapa. Mkaa waliutumia kwa sababu mkaa hauozi. Mtu akilisogeza jiwe kwa hila, alisema bibi, tumbo litamvimba na atakufa. Na mwanamke hapaswi kuliinua kabisa, awe na haki au asiwe nayo. Akilibeba, yeye na mtoto wake hawataonja maharage mapya.

"Kwa nini mwanamke?" nilimuuliza siku moja tukimenya viazi.

Bibi aliniangalia kana kwamba nimeuliza kwa nini mvua inatoka juu. "Kwa sababu mwanamke ni mtu wa kuja. Jiwe linawajua waliozaliwa hapa."

Mama yangu alikuwa mtu wa kuja hasa. Alizaliwa Msangeni, Upare wa kaskazini, na mpaka anazeeka Kipare chake kilikuwa na lafudhi ya Kigweno, lugha ya kwao, iliyowachekesha majirani. Kwao mipaka hupandwa masale, ile mimea yenye majani marefu ya kijani ambayo ukiikata leo kesho inachipua. Alinisimulia kwamba alipokuwa msichana alikuwa akipanda masale mpakani pamoja na baba yake, yeye akishikilia mche na baba akishindilia udongo, na hakuna aliyemwambia mkono wake utaleta balaa. Alipoolewa kusini akakuta mawe, akayaheshimu kama alivyoheshimu kila kitu cha nyumba ile, pamoja na masharti ya bibi ambayo hayakuwa machache.

Baba alifariki kwa homa akiwa kwenye kazi ya mkonge huko chini, mimi sijaanza shule. Hakuacha mtoto wa kiume. Alituacha sisi wanawake watatu na lile shamba.

Sehemu ya juu ya shamba ilikuwa ya mahindi ya masika; mvua ikigoma, hupati kitu. Sehemu nzuri ilikuwa ya chini, karibu na mfereji uliotoka kwenye ndiva, lile bwawa la kijiji ambalo maji yake tuligawana kwa zamu. Pale chini hata kiangazi kikali tulikuwa na maharage na magimbi. Kipande chenyewe hakikuwa kikubwa, lakini ndicho kilichotulisha, na mpaka wake wa chini ulikuwa lile jiwe. Ng'ambo ya jiwe lilianza shamba la baba mdogo Zakaria.

Mwaka ninaousimulia masika yalikuja kwa hasira. Mvua ilipiga usiku na mchana, kuta za mawe zilizoshikilia matuta zikabomoka, udongo ukateremka hadi watu wengine hawakuyatambua mashamba yao. Bibi akaugua kifua, na kwa muda mrefu mama hakutoka nyumbani ila kutafuta kuni. Jua liliporudi tukateremka naye kuangalia magimbi yetu. Tukamkuta baba mdogo Zakaria anapanda miche ya kahawa katikati ya kipande chetu. Jiwe lilikuwa limesimama juu zaidi mteremkoni, mbali na mfereji, kana kwamba limekuwa hapo tangu dunia iumbwe.

"Shemeji," mama alisema baada ya salamu, "hapo ulipo ni kwangu."

Baba mdogo hakuinua uso. "Mpaka si ule pale? Jiwe liko palepale. Udongo wenu ndio uliohama, mama Nakunda. Mvua imebadilisha sura ya mlima, sasa unaona kama jiwe limepanda."

"Jiwe limepanda, shemeji."

"Basi nenda barazani ukaseme hivyo."

Sikuwahi kumchukia baba mdogo, na nilimshangaa zaidi ya kumkasirikia. Alikuwa akinipa mabua ya miwa nikipita kwake. Lakini vijana wake walikuwa wamerudi kutoka vitani, wawili wanataka kuoa, na shamba lake lilikuwa limeshakwisha kugawanywa. Naamini alituona sisi, nyumba isiyo na mwanamume, akajiambia kwamba tutalia kidogo kisha tutanyamaza.

Mama hakulia. Alifunga kanga yake vizuri, akaenda barazani kwa Mfumwa. Huyo ndiye aliyekuwa mtawala wa upande wetu chini ya serikali ya Kiingereza, na mambo ya mipaka aliyaamua kwa desturi za wazee. Akaja mwenyewe kuangalia. Wakachimba chini ya jiwe pale liliposimama, wasikute mkaa wala kigae. Baba mdogo akasema mkaa umeondoka na maji. Mama akaomba wachimbe chini karibu na mfereji, palipokuwa mahali pa zamani. Wazee wakakataa kwa sauti moja. Kuchimbachimba mpaka kwa kubahatisha kulikuwa mwiko, na mtu mwenye akili hakuugusa.

"Limebaki jambo moja," alisema Mfumwa. "Anayedai jiwe limehama, alibebe alirudishe mahali pake mbele ya watu, na mrithi wake amfuate nyuma. Akiwa anasema uongo, wote wawili watakufa. Hiyo ndiyo desturi. Lakini mjane habebi jiwe. Wa kumbebea ni ndugu wa marehemu."

"Ndugu wa marehemu ni nani?" mama aliuliza.

Watu wakatazamana. Ndugu wa karibu wa baba yangu alikuwa Zakaria.

"Naomba basi nielewe," mama akasema, taratibu, kwa ile lafudhi yake. "Shemeji atabeba jiwe kwa niaba yangu au kwa niaba yake?"

Mtu mmoja alicheka, kisha wengi. Hata Mfumwa alijifuta mdomo kwa kiganja. Baba mdogo peke yake ndiye aliyeangalia pembeni. Na kicheko kilipoisha, mama alikuwa bado amesimama palepale.

"Nitalibeba mwenyewe," alisema.

Baba mdogo alikuwa wa kwanza kuzungumza, akasema haijawahi kutokea na haitatokea. Wazee wakaanza kubishana. Mwinjilisti wetu wa Kilutheri, ambaye tulidhani angekataza mambo ya viapo, alisimama akasema kwamba yeye hapendi habari ya kondoo na laana, ila hata Wayahudi wa kale waliweka mawe ya mipaka na kumlaani mtu anayeyasogeza, kwa hiyo haoni dhambi ya mwanamke kulirudisha jiwe mahali pake. Mfumwa aliwasikiliza wote. Mwishowe akasema, "Kama haogopi, mimi ni nani nimwogopee? Kesho asubuhi."

Nyumbani bibi hakula. Alinishika mkono akanikalisha karibu naye, akamwambia mama, "Wewe ni mtu mzima, kufa ukitaka. Huyu mtoto humchukui."

"Mama," mama alimjibu, maana ndivyo alivyomwita, "tukipoteza kile kipande tutahamia kambi za mkonge. Mwanao alikufa huko. Unataka Nakunda akakulie wapi?"

Bibi akalia kwa sauti. Mama akanigeukia mimi. "Sitakulazimisha," alisema. "Unajua jiwe lilikuwa wapi?"

Nilijua. Kila mara tulipokuwa tukipalilia, mama alimlaza mdogo wangu, yule aliyekuja kufa akiwa bado mchanga, kwenye kivuli cha magimbi, hatua chache juu ya jiwe, na mimi nilikuwa namfukuzia inzi. Mahali pale ningepapata hata nikiwa nimefumba macho.

"Najua."

"Utanifuata?"

Niliogopa. Niliamini kila neno la bibi, na bado nilisema nitamfuata, kwa sababu kubaki nyuma nikimwangalia anakwenda peke yake kulinitisha zaidi.

Asubuhi watu walijaa mteremko mzima. Walikuja hadi watu wa vijiji vya juu, na vijana wa baba mdogo wamevaa yale makoti yao ya vitani. Mfumwa alimwita kwanza baba mdogo aweke mkono juu ya jiwe na kuapa kwamba halijahama. Aliapa. Nilikuwa karibu, nikaona kwamba aliligusa kwa ncha za vidole tu, kisha akaupangusa mkono kwenye suruali.

Mama akasokota kanga kuukuu akafanya ngata, akaiweka kichwani. Hapo ndipo niliposikia wanaume wakinong'ona, maana wao jiwe la kiapo walilibeba begani, na begani lilikuwa limewahi kuwashinda watu wazima. Hawakuwa wamefikiria kichwa. Mama alikuwa akipanda mlima ule na mtungi wa maji tangu alipoolewa, akirudi na mzigo wa kuni unaomzidi urefu. Wanawake wawili walijitokeza kumtwisha. Mzee mmoja akawakemea, wakasita, mikono yao ikabaki hewani. Mama akapiga goti moja, akalikumbatia jiwe kama mtu anayembeba mtoto aliyelala, akalipandisha kwenye paja, kifuani, kisha kichwani. Akainuka.

Kisha akaanza kuteremka.

Kuteremka na mzigo ni kazi kuliko kupanda, kila mtu wa milimani anajua. Udongo ulikuwa bado laini na matuta yalikuwa yamebomoka. Nilimfuata nikitazama visigino vyake. Alikuwa akitafuta pa kukanyaga kwa vidole kwanza, halafu anauachia mguu uzito. Katikati ya njia tuta lilikatika chini ya mguu wake wa kushoto, akayumba, na watu wote wakavuta pumzi. Jiwe halikuanguka. Mama alisimama mpaka shingo ikatulia, akaendelea. Tukapita katikati ya miche ya kahawa ya baba mdogo, naye mama aliinua kanga yake kidogo asiuvunje hata mmoja.

Karibu na mfereji akasimama. Hakugeuka kushoto wala kulia. Akasema bila kutikisa kichwa, "Nakunda, ni hapa?"

Nilitazama yalipokuwa magimbi, nikatazama mfereji. "Sogea kidogo huku kwa juu," nilisema.

Akasogea. Akapiga goti, akalishusha.

"Chimbeni pa kuliketisha," Mfumwa akaagiza.

Kijana mmoja akapiga jembe. Udongo wa juu ulikuwa wa kuletwa na mvua, mwekundu. Akapiga tena, udongo ukabadilika ukawa mweusi. Mapigo machache baadaye jembe lilitoa mlio mkavu. Mfumwa akainama mwenyewe, akaingiza mkono shimoni, akatoka na kigae cha chungu, shingo yenye mistari ya kucha ambayo wafinyanzi wetu huichora. Akaingiza tena, akatoka na mkaa. Aliusaga kwa vidole akawanyooshea watu kiganja cheusi.

Wanawake ndio walioanza. Vigelegele vilitoka juu ya mteremko, vikajibiwa kutoka ng'ambo ya bonde na watu ambao hata hawakujua kilichotokea. Wale wanawake wawili waliokemewa walikimbia wakamkumbatia mama wakimpaka udongo mashavuni. Nilimtafuta bibi, nikamwona ameketi chini peke yake, amejifunika uso kwa kanga. Vijana wa baba mdogo walimtazama baba yao, kisha mkubwa wao akaja akamshika mama mkono, akamwambia, "Shikamoo, mama mkubwa," na akarudi alikotoka. Mfumwa alitamka kwamba mpaka umerudi mahali pake. Baba mdogo alikuwa ameshaondoka.

Ningependa kusema kwamba furaha yangu ilikuwa kamili. Siku ile ilikuwa kamili kweli. Nilibebwa mabegani, nikapewa asali. Lakini kesho yake nilikumbuka yale ya maharage. Tulikuwa na haki, ndiyo, ila bibi alisema mwanamke akilibeba anakufa hata akiwa na haki. Mama alipanda maharage kwenye kipande kilichorudi, na mimi kila asubuhi alipokuwa akifunga kanga nilikuwa naangalia tumbo lake. La kwangu nilikuwa nalipima kwa kiganja nikiwa kitandani.

Maharage yalipoanza kutoa maua, mama akaugua. Homa ilimwangusha, akatetemeka chini ya mablanketi yote ya nyumba. Bibi hakusema "niliwaambia". Alimkanda kwa maji, akamnywesha uji kwa kijiko, na nilipolala nilimsikia anaomba kwa Kipare na Kiswahili vikichanganyika.

Mama akiwa bado na homa ileile, baba mdogo Zakaria alikuja. Mkononi alishika jani la sale lililofungwa fundo. Kwetu milimani, kusini na kaskazini, anayeletewa sale kwa msamaha halikatai. Alikuwa amekonda. Alisimama mlangoni hadi bibi akamwambia aingie.

"Shemeji," alisema, "nimekosa."

Mama alinyoosha mkono akalipokea lile jani. "Tumbo lako likoje?" alimuuliza.

Baba mdogo akatazama chini. "Linaniuma usiku wote. Silali."

"Langu haliumi," alisema mama. "Mimi ni kichwa tu, na homa hii niliipata nilipoteremka Kisiwani kuuza ndizi. Nenda ukalale. Na miche yako ihamishe kabla jua halijaichoma, Nakunda atakusaidia kuibeba."

Nilimsaidia. Tulifanya kazi asubuhi nzima bila kuzungumza sana, naye mwisho akanipa miwa, kama zamani. Tumbo lake likapona. Mama naye alipona, akawa mwembamba mpaka kanga inamzunguka mara mbili, lakini akasimama.

Siku ya maharage mapya alipika makande. Bibi aliketi karibu na jiko akitazama chungu kinavyochemka kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Mama alipakua bakuli la kwanza akala mbele yetu, kijiko baada ya kijiko. Kisha akanipa langu. Nilimtazama bibi. Hakunizuia. Nilikula, makande yalikuwa ya moto na matamu, na maharage yale mapya yalipasuka mdomoni. Bibi akasubiri kwa muda, akanyoosha mkono achukue bakuli lake, akaonja.

"Chumvi haitoshi," alisema.

Jumapili iliyofuata alifika kanisani mapema kuliko kawaida, akakaa mbele, na ibada ilipokwisha alimshika kila mtu aliyepita akimweleza jinsi mkwe wake alivyolibeba jiwe. Kadiri miezi ilivyopita lile jiwe lilizidi kuwa zito midomoni mwake.

Kabla mwaka haujageuka alikuja mjane kutoka kilima cha pili, mkwewe amemsogezea mpaka. Hakuomba ushauri mwingi. Aliomba mama aende naye asimame karibu siku ya kubeba. Mama akaenda, mimi nikamfuata, na safari ile hakuna mzee aliyewakemea wanawake waliotaka kumtwisha. Baadaye akaja mwingine, na mwingine. Sikuwahi kusikia kwamba yupo aliyekufa kwa sababu hiyo.

Nimeishi miaka mingi tangu hapo. Nimesoma kwamba Warumi wa kale walikuwa na mungu wa mawe ya mipaka na kila mwaka walimletea sadaka, na kwamba huko Babeli wafalme walichonga laana kwenye jiwe lenyewe. Nilipoyasoma nilitabasamu, maana niliwaona wote hao kama wazee wetu, watu waliojua kwamba polisi hawawezi kulala shambani, wakaiweka hofu ikalinda badala yao. Siidharau hofu hiyo. Iliwazuia wenye nguvu wengi kuliko tunavyoweza kujua, na ndiyo iliyomkosesha usingizi baba mdogo hadi akaja na jani mkononi. Ubaya wake ulikuwa kwamba mahali fulani njiani mtu aliichukua akaifunga upande mmoja, wanawake wasiweze kuitumia. Mama hakuifanyia dhihaka. Angeweza kupeleka kesi kwa bwana shauri wa Kiingereza huko Same na pengine angeshinda, lakini angebaki anaishi kati ya watu wanaoamini kwamba hana mpaka. Aliliinua jiwe wanaloliogopa wao, akaliogopa pamoja nao, akatembea.

Uzeeni nimekuwa mjumbe wa baraza la ardhi la kata yetu. Siku hizi kuna vigingi vya saruji na vipimo vya mitambo, na bado wanakuja wanawake ambao wamelima kipande maisha yao yote na wakiulizwa ni cha nani wanawatazama shemeji zao kwanza. Sibishani nao. Ninaomba baraza lihamie shambani, kisha namwambia mwanamke huyo asitueleze chochote, atutangulie tu atembee mpaka wake, sisi tutamfuata. Mwanzoni huwa wanasitasita, wanageuka nyuma kutazama nyuso zetu. Wakishafika nusu ya mpaka wanaacha kugeuka.